Jina la Aliyefunga

Mwaka 1905 mayai ya samaki yalipandishwa milima ya Nyandarua, nchini Kenya. Yalikuwa yametoka Loch Leven, ziwa la Uskoti linalosifika kwa trauti wake wa kahawia, yakavuka bahari hadi Mombasa, yakapakiwa kwenye gari moshi, na mwisho yakatiwa katika mto Gura, mto wa maji baridi unaoshuka kwa kishindo kutoka milimani kuelekea upande wa Nyeri. Aliyeyaagiza ni Ewart Grogan, Mwingereza aliyekuwa amekwisha kupata sifa kwa kutembea Afrika kutoka Cape hadi Cairo. Masimulizi yote ya uvuvi wa trauti nchini Kenya huanza naye.

Mimi ningependa yaanze na waliobeba. Wakati ule hapakuwa na barabara ya gari ya kupanda milima ile. Kilichofika juu kilifika kwa vichwa na migongo ya watu. Na yai la trauti ni jepesi kufa. Likipata joto limekwisha, likikauka limekwisha. Mpagazi aliyezoea kubeba blanketi na magunia ya mchele alipewa safari hii mzigo wenye uhai ndani yake, na ilibidi aufikishe kabla jua halijaumaliza. Aliufikisha. Vizazi vya samaki wale vimo katika mito ya Nyandarua hadi leo, miaka zaidi ya 100 baadaye, na huo ni ushahidi kwamba kazi ilifanywa sawasawa. Majina ya walioifanya hayakuandikwa popote.

Naisimulia habari hii nikiitazama kutoka Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, kwa sababu huko ndiko inakoendelea, ingawa safari imegeuka. Zamani Waafrika walibeba samaki wa Uingereza kuwaleta Kenya. Leo mikono ya Nairobi hufunga vyambo vya manyoya ambavyo husafirishwa kwenda kuvua trauti katika mito ya Uingereza kwenyewe, na jina la mwenye mkono halifiki mtoni.

Mwaka ule wa 1905 Nairobi ilikuwa na umri wa miaka 6 tu tangu reli ifike. Kibera ulikuwa msitu uliotengwa kwa ajili ya jeshi, na askari wa Kinubi wa King's African Rifles, watu waliotoka Sudan na kupigana vita vya Waingereza sehemu nyingi za Afrika Mashariki, walikuwa wameanza kujenga humo na familia zao. Waliahidiwa makao kwa maneno. Walisubiri hati ya ardhi hadi mwaka 2017, na waliyopata ni ekari 288 kati ya zile zaidi ya 4,000 zilizokuwa zimetengwa mwanzoni. Kawangware nayo ilikuwa mashamba ya Wakikuyu wa Dagoretti, mahindi na viazi vitamu juu ya miteremko inayoshuka hadi mto Nairobi, ambao hutoka kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu na kuja mjini.

Huko chini mjini, mto huohuo ulipotanda na kuwa tope, Grogan alikuwa na ardhi. Barabara iliyopita hapo iliitwa kwa jina lake, na ingawa baada ya uhuru ilibadilishwa ikawa Kirinyaga, mwenye gari bovu wa Kawangware akisema anakwenda Grogan, kila mtu anajua anakwenda kutafuta spea. Machi 1907 bwana huyohuyo aliwachapa viboko Waafrika watatu waliokuwa wakivuta riksho, hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi, kwa madai kwamba waliwakosea heshima wanawake wa Kizungu. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, akakitumikia ndani ya nyumba. Jina lake limebaki kwenye samaki na limebaki kwenye vipuri. Majina ya wale watatu nani anayakumbuka?

Kwa nini mtu ahangaike kuvusha mayai ya samaki bahari nzima, katika nchi yenye ngege, kambare na mumi tele? Jibu liko kusini mwa Uingereza, katika jimbo la Hampshire, kwenye mito ya Test na Itchen. Mito hiyo hutoka kwenye mwamba wa chokaa, na maji yake ni maangavu kiasi kwamba mvuvi akisimama ukingoni humwona samaki mmojammoja akipepea mkia kati ya majani ya majini. Mwaka 1822 mabwana wachache walikutana katika mji mdogo wa Stockbridge, kando ya Test, wakaunda Houghton Club. Walikodi sehemu ya mto, wakaweka idadi ndogo ya wanachama, wakaweka mlinzi, na wakafungua daftari. Daftari hilo ndilo linalonishughulisha. Tangu mwanzo waliandika humo hali ya hewa, upepo, wadudu waliotoka, nani alivua nini na samaki alikuwa na uzito gani. Mwaka 1908 kumbukumbu zao zilichapishwa kitabu. Kwa hiyo leo tunaweza kujua ni bwana gani aliyepata samaki wa ratili ngapi enzi za babu wa babu zetu.

Msimu wao ni majira ya joto. Kuna mdudu wa majini anayekaa chini ya mchanga wa mto mwaka mmoja hadi miwili akiwa kama kiwavi, halafu katika siku chache za mwezi Mei na Juni anapanda juu, anavua ngozi, anakausha mabawa, anaruka, anapandana, anataga na kufa, yote hayo ndani ya siku moja au mbili. Anapotoka kwa maelfu, trauti husahau hofu. Mvuvi hutupa juu ya maji ndoana iliyovikwa manyoya ikafanana na mdudu huyo. Frederic Halford aliandika mwaka 1886 kitabu kizima juu ya vyambo vinavyoelea na jinsi ya kuvitengeneza, na baada yake wavuvi wengi wa mito ya chokaa wakashika sheria kwamba mtu atupe chambo kikavu, kielee, na akitupe upande wa juu wa mto, kwa samaki aliyemwona kwa macho. G.E.M. Skues, wakili wa London aliyevua Itchen, alithubutu kusema mwaka 1910 kwamba samaki hula zaidi chini ya maji kuliko juu, hivyo hakuna dhambi kuzamisha chambo. Ugomvi ulizuka ukadumu miongo. Msomaji wa Kibera anaweza kuona ni mzaha, lakini watu wale walikuwa makini kabisa, na nawaheshimu kwa hilo: walijizuia. Walikuwa na uwezo wa kuukausha mto kwa nyavu, wakachagua njia ngumu kuliko zote ili samaki abaki.

Walichokosa ni kuona kwamba kujizuia kwao kulisimama juu ya kuwazuia wengine. Mwanakijiji wa Hampshire aliyeingiza mkono katika mto uleule kumtoa samaki wa chakula aliitwa mwizi.

Desturi hiyo ndiyo iliyofuata mayai hadi Kenya. Trauti wa kahawia walizaana Gura, na mwaka 1910 wakaletwa trauti wa rangi ya upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini. Chania, Thika, Kimakia, Mathioya, Sagana, Thego, Thiba, mito ya Nyandarua na ya Mlima Kenya ikapata samaki mgeni mmoja baada ya mwingine. Trauti hawezi joto, ndiyo maana hashuki hadi Nairobi. Hukaa juu, ambako maji bado yana baridi ya msitu. Serikali ya kikoloni ikaweka leseni, urefu wa samaki anayeruhusiwa kuchukuliwa, idadi ya siku moja, na mito ambamo hakikuruhusiwa chambo kingine ila cha manyoya. Kenya Angling Association ikawa chama cha wavuvi wa mito hiyo. Kambi zikajengwa, nyumba ndogo za mbao zenye moto wa kuni: Kimakia, Thego, Thiba, na Koiwa upande wa Kericho. Kwa kuwa sisi hatuna majira ya joto ya Ulaya, walowezi walipata jambo ambalo Test haikuwapa, yaani kuvua mwaka mzima, isipokuwa mvua ya masika inapouchafua mto kwa udongo mwekundu.

Wakikuyu walioishi kando ya mito hiyo hawakuwa wakila samaki. Mila haikuwapeleka huko. Kwa hiyo katika miaka ya mwanzo mgeni huyu aliogelea mbele ya macho yao bila kuwashughulisha, na walioajiriwa kubeba vyombo vya mzungu na kulinda mto walimtazama kama mali ya mzungu, kama vile viatu vyake. Baadaye vijana waliomwona bwana akikaanga samaki kwa siagi walijaribu wenyewe, kwa uzi na mnyoo. Hapo ndipo sheria ya Hampshire ilipowashika. Mnyoo ulikuwa haramu. Mto uliopita chini ya shamba la nyanya yao ulikuwa na samaki ambaye kumgusa kulihitaji karatasi kutoka Nairobi.

Mwaka 1948 serikali ilianzisha huko Kiganjo kituo cha kutotolesha trauti wa kupandikiza mitoni. Karibu na hapo, kando ya mto Sagana, koloni ilijenga nyumba ya mapumziko ikampa binti mfalme Elizabeth zawadi ya harusi. Alikuwa hapo tarehe 6 Februari 1952 alipoletewa habari kwamba baba yake amefariki na yeye sasa ni malkia. Miezi minane baadaye, tarehe 20 Oktoba, ikatangazwa hali ya hatari. Misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikafungwa. Katika mabonde yaleyale ya Gura na Chania ambako wavuvi walikuwa wakitupa manyoya juu ya maji, sasa walilala wapiganaji wa Mau Mau, na juu yao zikapita ndege za mabomu. Wanakijiji walilazimishwa kuchimba handaki refu kandokando ya msitu ili chakula kisipite. Aprili 1954 Nairobi nayo ilizingirwa katika Operesheni Anvil, na maelfu kwa maelfu ya watu wakachukuliwa kupelekwa kizuizini.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1953, bwawa la Nairobi likakamilika upande wa kusini wa Kibera. Lilizuia mto Motoine unaotokea upande wa Dagoretti, liwe akiba ya maji ya kunywa. Klabu ya mashua ikajengwa ukingoni, na kwa miaka mingi Jumapili zilionekana tanga nyeupe zikipita mbele ya mapaa ya Lindi na Silanga, vijiji vya Kibera. Kisha mji ukaongezeka bila mabomba ya majitaka kuongezeka nao. Udongo na taka vikajaza bwawa, gugumaji likalifunika, na leo mtoto wa Silanga anayeambiwa kwamba hapo palikuwa na mashua za mbio hutazama mimea ile akacheka. Sina la kuongeza juu ya bwawa hilo ila kwamba naona uchungu kila nipitapo.

Lakini mito ya trauti ilifika Kibera kwa njia nyingine. Bwawa la Sasumua lilikamilika mwaka 1956, likikusanya maji ya Nyandarua yanayoelekea Chania. Mwaka 1994 likafuata Ndakaini, kwenye mto Thika, ambalo ndilo tegemeo kubwa la Nairobi. Ukinunua mtungi wa lita 20 kwenye kioski cha Gatwekera, Kibera, au kutoka kwa mwenye mkokoteni wa Gatina, Kawangware, kuna uwezekano mkubwa kwamba unanunua maji yaliyowahi kupita juu ya migongo ya trauti. Samaki yule na mama wa Kibera wanataka kitu kimoja, msitu uliosimama. Ulipokatwa ovyo miaka ya 1990, mto ulichafuka kwa samaki na bomba likakauka kwa mama. Uzio wa kuzunguka Nyandarua, karibu kilomita 400, ulikamilika mwaka 2009, na ni miongoni mwa kazi chache ambazo wavuvi, wakulima na wanywaji maji wa Nairobi wote walinufaika nazo bila kukutana.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Kufunga vyambo vya manyoya kwa ajili ya kuuza nje kulianza Kenya chini ya walowezi, kabla ya uhuru. Mlowezi alihitaji vyambo vyake mwenyewe, akamfundisha kijana mwenye vidole vyepesi, akagundua kwamba kijana anamshinda. Kutoka hapo ikawa karakana, kutoka karakana ikawa biashara. Baada ya uhuru biashara haikufa, ilikua. Wavuvi wa Uingereza walizoea kusikia kwamba vyambo vya dukani vimetoka Kenya. Leo Kenya imo miongoni mwa nchi zinazofungia dunia vyambo kwa mkono, pamoja na Sri Lanka, Thailand na nyinginezo za Asia. Fulling Mill, jina kubwa la biashara hiyo Uingereza, hufungisha vyambo vyake hapa. Zipo karakana kubwa zenye safu za meza na mafundi wengi, na zipo ndogo za chumba kimoja cha mabati, Kibera, Kawangware, hadi Kikuyu, ambako fundi aliyejifunza kwa mwajiri alinunua jiliwa lake, akamfundisha mkewe, akamfundisha na jirani.

Fundi hukaa karibu na mlango, kwa sababu ya mwanga, maana stima haiaminiki. Mbele yake jiliwa dogo limeuma ndoana. Ndoana hupimwa kwa namba, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndoana inakuwa ndogo. Namba 18 haizidi sana punje ya mchele. Anaanza na uzi uliopakwa nta, anauzungusha kwenye shina la ndoana, kila mzunguko umelala pembeni mwa mwenzake. Anaweka mkia, nyuzi chache za unyoya wa jogoo, urefu wake sawa na shina. Anachukua manyoya laini ya mnyama, anayasokota kwenye uzi hadi yawe kamba nyembamba, anayazungusha kujenga tumbo, nyembamba nyuma, nene kidogo mbele. Anasimamisha mabawa. Kisha unyoya wa shingo ya jogoo unashikwa ncha na kuzungushwa, na nywele zake zinasimama pande zote kama miguu ya mdudu; hizo ndizo zitakazokishika chambo kielee. Zikiwa ndefu kitapinduka, zikiwa fupi kitazama. Kichwa kinafungwa kwa fundo lisiloonekana, tone la vanishi, basi. Vidole vimepita hatua 10 au zaidi, na fundi hodari hajatazama hata mara moja kipimo.

Kisha anarudia. Mtu akikaa kwake jioni kujifungia vyambo vyake mwenyewe, kimoja kikitoka kizuri na kingine kibaya, hana wa kumjibu. Fundi wa Kawangware analipwa kwa dazeni, na vyote 12 lazima viwe mapacha. Mkaguzi huvipanga juu ya karatasi nyeupe; bawa moja likiegemea, dazeni inarudishwa. Huo ndio ustadi ambao sioni ukisifiwa vya kutosha, ustadi wa kuwa sawa asubuhi na saa kumi jioni, siku ya ada za shule na siku ya msiba. Wengi wa mafundi ni wanawake. Nyumba za kupanga zimelipwa kwa manyoya, watoto wamefika chuo kwa manyoya. Malipo ya dazeni nzima ni madogo ukiyapima na bei ya dukani, ambako chambo kimoja peke yake huuzwa zaidi ya pauni moja.

Manyoya yenyewe yamesafiri kumfuata fundi. Kuna majogoo wanaofugwa Marekani kwa ajili ya manyoya yao, vizazi vimechaguliwa hadi unyoya ukawa mrefu, mwembamba na mkakamavu. Kuna mkia wa fezanti, unyoya wa tausi, manyoya ya sungura na kulungu. Ndoana hapo zamani zilitoka Redditch, mji wa Uingereza uliotengeneza sindano na ndoana za dunia nzima. Sasa nyingi hutoka Asia. Vyote hukutana juu ya meza moja yenye kikombe cha chai, halafu vinafungwa pakiti na kupanda ndege Jomo Kenyatta.

Vyambo vina majina, na hapa ndipo historia inaponikera. Chukua Greenwell's Glory, mojawapo ya vyambo maarufu kuliko vyote vya Uingereza. Mwezi Mei 1854 padre William Greenwell wa Durham alikuwa akivua mto Tweed bila kupata kitu, akaona mdudu ambaye trauti walimtaka, akamkamata, akampeleka kwa fundi James Wright kijijini Sprouston. Wright akafunga: uzi wa hariri wa manjano uliopakwa nta ya fundi viatu, bawa la ndege mweusi. Kesho yake padre akajaza kapu. Chambo kikapewa jina la padre. Chukua Adams, ambacho Wamarekani wengi wakiulizwa wachague kimoja tu hukichagua hicho. Kilifungwa mwaka 1922 na Len Halladay wa Michigan; Charles Adams alikuwa mteja wake, wakili kutoka Ohio, aliyekitupa mtoni jioni akarudi amefurahi. Kikaitwa Adams.

Kwa hiyo kuipa kazi ya fundi jina la mteja hakukuanza na sisi, wala hakukuanza na rangi ya ngozi. Wright na Halladay walikuwa wazungu vijijini mwao. Hata hivyo tunajua kwamba walikuwepo. Mtu alijali akaandika. Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon huko Wiltshire, mtu asiye na cheo, aligundua jinsi ya kufunga chambo cha kuzama kwa nyuzi za mkia wa fezanti na waya mwembamba wa shaba, bila uzi hata mmoja, na vitabu vyake vinasomwa hadi leo. Megan Boyd aliketi katika nyumba ndogo pwani ya kaskazini mashariki ya Uskoti akifunga vyambo vya samoni zaidi ya nusu karne. Mwaka 1971 alitunukiwa nishani na Malkia Elizabeth, yuleyule wa Sagana. Huko Vermont, Mary Orvis Marbury aliongoza tangu mwaka 1876 karakana ya wanawake wafungaji, na mwaka 1892 akatoa kitabu kikubwa cha vyambo na habari zake. Vermont hiyohiyo ina jumba la makumbusho ya uvuvi wa aina hii, ambamo chambo kilichofungwa na mkono unaojulikana huwekwa nyuma ya kioo.

Hakuna kioo cha mwanamke wa Kibera. Ameshafunga, kwa maisha yake, vyambo vingi kuliko Wright. Amefunga Greenwell kwa dazeni zisizohesabika, amefunga Adams, amefunga mkia wa fezanti wa Sawyer, na mikono yake imejua mambo juu ya vyambo hivyo ambayo wenye majina hawakuyajua, kwa sababu wao walifunga kwa kapu moja naye anafunga kwa dunia. Pakiti ikifika dukani imeandikwa namba ya ndoana, jina la chambo na jina la kampuni.

Kuna majira yaliyoonyesha waziwazi jinsi watu hawa wawili walivyofungamana bila kuonana. Mwaka 2020, katika korona, Uingereza iliruhusu uvuvi urudi tarehe 13 Mei, miongoni mwa michezo ya mwanzo kabisa kuruhusiwa, maana mtu huvua peke yake ukingoni. Watu waliochoshwa na kufungiwa wakamiminika mitoni, wengi kwa mara ya kwanza, na ilikuwa ndio wakati wa mdudu wa Mei. Nairobi siku hizo ilikuwa imefungwa. Tangu Aprili hadi Julai hakuna aliyeruhusiwa kutoka wala kuingia, na usiku kulikuwa na kafyu. Vyambo vilivyotupwa katika mito ya Hampshire wiki ile vilikuwa vimefungwa miezi kabla, wakati oda za msimu zinapoleta kazi nyingi. Mvuvi aliyefarijika kwa samaki wake jioni hakuwa na njia ya kujua kwamba mtu aliyemfungia faraja hiyo amekaa ndani, hana kazi, anahesabu unga.

Trauti mwenyewe hafiki sokoni Toi wala soko la Kawangware. Samaki wa huko ni omena kwa gorogoro, ngege wa kukaanga, na mgongo wazi, ule mfupa wa mbuta uliobaki baada ya nyama kwenda nje. Hapo pia nyama inasafiri, mgongo unabaki. Fundi anaweza kufunga miaka 20 akila mgongo wazi, asimwone hata mara moja samaki anayemfanyia kazi. Wala si kwa sababu ya umbali. Kimakia ni safari ya asubuhi moja kutoka Kawangware, kupitia Thika na Gatura, na tangu uhuru leseni inauzwa kwa yeyote. Wapo Wakenya wengi wanaovua sasa, na mwenye uwezo anaweza kula trauti aliyefugwa karibu na Nanyuki, katika mkahawa uliojengwa juu ya mti wa mugumo. Oktoba 2010 mwanamfalme William na Kate Middleton walikwenda kuvua trauti katika ziwa la Mlima Kenya, hawakupata kitu, wakashuka wamechumbiana. Gazeti lolote lilikuambia hivyo. Kinachomzuia fundi ni siku. Siku ya kwenda Kimakia ni siku isiyo na dazeni.

Ninachotaka kifanyike si kikubwa. Wale waliojifunza katika karakana za mwanzo wamezeeka, na baadhi wamekwisha kufa. Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue zinahifadhi karatasi za ukoloni, na humo mkoloni alijiandika vya kutosha. Mafundi hawamo. Basi wakaliwe chini waulizwe: nani alikufundisha, nawe umemfundisha nani, ni chambo gani mliongeza hatua ambayo mzungu hakuijua, ni mwaka gani oda ilikatika mkaishije. Houghton Club waliweza kuandika kila samaki tangu mwaka 1822. Sisi tunahitaji daftari, kinasa sauti, mtu mwenye subira ya kusikiliza, na nauli ya matatu, ya 8 kwenda Kibera na ya 46 kwenda Kawangware.